Choya tunainywa, magunia tunaagiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie zao la choya, ambalo wengi siku hizi huliita rozela, na ambalo kila linapotajwa huishia kwenye juisi. Sina ugomvi na juisi hiyo. Ikichemshwa na tangawizi na karafuu kidogo, kisha ikapoa, sioni soda inayoifikia, na Sudani imekuwa ikiuza choya kavu hadi Ujerumani kwa miaka mingi. Ninachouliza ni kwa nini hatuzungumzii shina lake.

Yeyote aliyewahi kung'oa mche wa choya shambani anajua kwamba ganda lake huchunika kwa utepe mrefu usiokatika kwa mkono, na vijijini tunaufungia kuni bila kuufikiria zaidi. Nchini India na Thailand, aina ndefu ya mmea huuhuu, isiyotoa matawi mengi, hupandwa kwa kubanana ili kutoa nyuzi za kusokotea kamba na kufumia magunia, sawa na ndugu yake kenafu, mmea mwingine wa nyuzi. Sisi wa Mtwara na Lindi, ambao kila msimu wa korosho tunahitaji magunia ya juti kwa wingi, tunayaagiza kutoka Bangladesh na India, na yakichelewa mkulima hukaa na korosho zake ndani. Gunia la plastiki haliwezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa halipitishi hewa vizuri na korosho yenye unyevu huota ukungu.

Nisieleweke kwamba mkulima atavuna juisi na gunia katika mche mmoja. Nyuzi bora hupatikana shina likikatwa pale maua yanapoanza kuchanua, ilhali vile vikombe vyekundu vya ua, ambavyo ndivyo hutengenezewa kinywaji, huhitaji wiki kadhaa zaidi ili vinenepe, na wakati huo shina limeshakuwa gumu kama ukuni. Ni mashamba mawili yenye mbegu mbili tofauti, na anayewaahidi wakulima vyote kwa pamoja anawadanganya.

Kalenda yetu, hata hivyo, inaruhusu. Choya huchanua siku zinapofupika, mvua zetu zikiwa zinaelekea ukingoni na malambo yakiwa bado na maji, na korosho hazianzi kuuzwa hadi karibu na Oktoba. Kazi ngumu ni kuloweka: mashina hukaa majini wiki mbili au zaidi mpaka utomvu unaogandisha nyuzi uoze, ndipo huchunwa, kuoshwa na kuanikwa. Maji hayo hunuka na huua samaki, kwa hiyo isifanyike mtoni wala kwenye lambo la kunywesha mifugo, bali katika mashimo yaliyochimbwa kwa kazi hiyo.

Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinaijua ardhi yetu, na wenzao wa Mlingano, Tanga, wanazijua nyuzi kutokana na mkonge. Ombi langu ni kwamba vituo hivyo viwili vipande aina ya nyuzi katika mashamba machache ya majaribio msimu ujao, kisha vyama vya ushirika vielezwe waziwazi gunia moja litagharimu kiasi gani likilinganishwa na lile linaloshushwa bandarini. Likionekana ghali mno, basi tuendelee kunywa juisi.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara