Magunia yamejaa, ufukwe haujawa safi

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu ya siku ya usafi wa ufukwe, yenye picha ya magunia yaliyojaa chupa, imenishinda kuinyamazia. Mliandika kwamba ufukwe sasa ni safi. Si kweli.

Nilipita pale asubuhi iliyofuata. Chupa zilikuwa zimeondolewa, hilo nalikubali. Nikainama kwenye mstari wa mwani ulioachwa na maji ya bamvua, nikafukua mchanga kwa kiganja. Vikatoka vidonge vyeupe vya plastiki, vidogo kama mayai ya samaki, pamoja na nyuzi za buluu za kamba za nyavu. Nikaokota kifuniko kilichobabuliwa na jua, kikapukutika vidoleni. Plastiki haiozi, inakatikakatika tu, na vipande vyake hakuna gunia linalovizoa.

Na vile vidonge, Mhariri, havikutupwa na mtu aliyekuja kupunga upepo! Ni malighafi. Viwanda huviyeyusha kutengeneza chupa na ndoo, navyo humwagika viwandani, bandarini na melini. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua karibu na Sri Lanka, na zaidi ya tani 1,000 za vidonge hivyo zikaishia baharini. Kisiwa cha Henderson, katika Bahari ya Pasifiki, hakina mkazi hata mmoja, lakini mwaka 2017 watafiti walikadiria kuwa fukwe zake zina zaidi ya vipande milioni 37 vya taka. Huko nani aambiwe abadili tabia? Taarifa yenu nzima ilimkaripia raia. Wenye viwanda hawakuguswa hata kwa sentensi moja.

Halafu kuna lile trekta linalokomba ufukwe alfajiri. Linazoa mwani kana kwamba nao ni taka, ilhali wadudu wadogo wa mchangani huula, ndege huwala wadudu hao, na mwani wenyewe husaidia kushika mchanga usipeperuke. Plastiki ndogo linaipita, nyingine linaifukia.

Siku ya usafi ijayo, mpeni mwandishi wenu chekeche la matundu ya milimita 1. Apime mita 1 ya mraba kwenye mstari wa maji kujaa, achekeche mchanga mkavu wa juu, kina cha sentimita 5, kisha ahesabu vidonge. Hesabu hiyo ichapwe ukurasa wa kwanza badala ya picha ya magunia, pamoja na majina ya kampuni zinazosafirisha vidonge hivyo.

Msomaji wenu wa siku nyingi