Solange, kumbe ulijua na ukanyamaza

Solange wangu,

Jambo sana. Habari za Kigali, mtoto anaendelea aje, mama mkwe wako alisharudi Butembo ama bado anakukalia kichwani? Huku tuko, Mungu anasaidia. Bon, salamu zimeisha.

Solange, we ulijua. Yaya Fiston, kaka yangu mkubwa, alilala kwako, ukampikia ndizi na samaki (ameniambia mwenyewe, tena anasema chumvi ilikuwa mingi), asubuhi ukampandisha bisi ya Gisenyi, na siku ile ile mi na we tunaandikiana mambo ya vitenge unaniambia "huku hakuna mpya". Hakuna mpya! Nakuandikia barua nzima juu tukiongea ku simu utanichekesha na hasira itaisha, na mi bado naitaka kidogo.

Acha nikuelezee vile alifika, maana najua yeye amekuhadithia ile ya kujipamba. Kiwanja ya ndege ya hapa Goma kilifungwa mwezi wa kwanza 2025, unajua, wengi wanaotoka mbali wanapitia kwenu. Sawa. Anavuka Grande Barrière, ule mpaka wa Gisenyi na Goma, giza linaingia, laini yake ya Kanada haishiki rezo (mtandao), ba motari wa pikipiki wanamuona na valizi mbili wanamtajia bei ya mzungu, yeye anakasirika anakodi chukudu, kile cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo! Mtu ametoka Montréal, ameshuka Addis, ameshuka Kigali, anaingia Majengo anasukuma chukudu pamoja na mwenyewe, na gurudumu za valizi moja zimeshabaki njiani ku mawe ya volkano juu alijaribu kwanza kuikokota kama eko mu eropoti.

Saa tatu ya usiku njo anagonga. Unajua vile tunaishi siku hizi, mtu akigonga saa hiyo hakuna anayeuliza ni nani, tunazima tochi tunaomba kimoyomoyo. Anagonga bati. Kimya. Anagonga tena. Mwenye akili angesema "mama ni mi". Yeye apana, anataka sirprizi yake ifike mwisho, anaifanya sauti nzito eti "fungueni, tuko watu wa umeme". Watu wa umeme! Usiku, Majengo, na umeme wenyewe hatujauona tangu asubuhi! Mama hakungoja. Alishika ile sufuria kubwa ya sherehe na mwiko akaanza kupiga, vile tunaitana mwizi akija, mama Neema akajibu na ya kwake, filimbi zikaingia, mara avenue nzima inalia na vijana wa kwa papa Kambale wameshatoka na fimbo. Mwenye chukudu alikimbia, akaacha chukudu na mizigo juu yake (kesho yake alirudi kuichukua na akadai pesa ya usumbufu, na mama alimlipa).

Huku nje yaya analia "mama ni mi, ni Fiston!" na mama ndani anajibu "Fiston eko Kanada, mwizi we, jina la mtoto wangu ulilitoa wapi?" Kilichomuokoa ni Kinande. Alianza kujitetea na kile Kinande chake kibovu, nusu Lingala, na mama akashusha mwiko akasema hakuna mwizi anaweza kuharibu Kinande kiasi hicho, fungueni. Ya hapo naruka, tulilia, tulicheka, vijana wa papa Kambale wakabaki kunywa chai yetu yote.

Sasa nakuja ku jambo lenyewe. Papa.

Tangu papa apooze ule upande, mama alikataza kabisa mtu kumwambia Fiston. Ulikuwa bado hapa, unajua. Kila dimanshi (siku ya Mungu, juma pili) kabla ya kuongea video, mama anamnyoa ndevu, anamvalisha shati ya bluu, anamweka ku kiti ya dirisha ubavu wa kulia ndio unaangalia simu, mkono wa kushoto unaingia chini ya kitenge, na papa anaambiwa asiongee mingi, aseme tu niko mzima mwanangu, omba, tumikia watu vizuri. Fiston kila mara ananiambia papa amekuwa mpole siku hizi, uzee umemtuliza. Mpole!

Usiku ule na zile kelele na tochi hakuona kitu. Aliona asubuhi. Papa amekaa ku meza, mama anakata mkate, anauchovya mu chai, anamtilia mdomoni, chai kidogo inatiririka ku kidevu na mama anaipangusa na ncha ya kitenge bila ata kuangalia, huku anaongea na mi mambo ya bei ya makala (makaa) ya kupikia. Yaya amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Hakusema neno. Aligeuka akaenda kukaa ku yale mawe nyuma ya choo na mpaka mchana hakuna aliyemtoa, nilimpelekea maji ya kusukutua akaniangalia kama mi ndio nilimpooza papa.

Halafu mama na yeye. "Mlinidanganya." "Ungejua ungefanya nini, ungeacha kazi? Na ungepitia wapi, juu ya vichwa vya wenye bunduki?" "Ni baba yangu." "Na ni mume wangu." Ikabaki hapo. Wanaongea ya chumvi na ya maji, basi. Mi nikiwa katikati nabeba salamu kutoka jikoni kwenda mu salon.

Mi nakuambia ukweli Solange, hii mambo ya sirprizi ni butamu kwa anayekuja tu. Angepiga simu ata siku mbili mbele, mama angetafuta namna ya kumwambia polepole, ama papa mwenyewe angemwambia. Lakini nikimwambia hivyo anasema si mngenificha tena, mngemweka ku dirisha. Na apo sina jibu, juu ni kweli mama angemweka ku dirisha.

Na pesa, weee. Mtu amekuja na kadi ya benki mu mfuko, kifua mbele. Nikamuuliza we habari za huku husikilizagi, benki zilifungwa vita ilivyoingia? Kumbe alifikiri ata mashine moja ingebaki. Sasa kila akitaka pesa lazima avuke Gisenyi, mashine inampa za Rwanda, ba kambisti, wale wa kubadilisha pesa ku barieri, wanamkata, na mara ya kwanza akarudi na noti ya dola mia yenye kapasuko kadogo ku kona, hakuna duka liliikubali, akapigana nayo mpaka jioni. Na ba shangazi wamejaa mu salon wanangoja "kitu cha Kanada". Kuku ni mi nilinunua. Sombe ni mi. Mafuta, mi. Mgeni wa Kanada anakula ku mkopo wa dada yake!

Mwenye furaha ya kweli ni papa. Anacheza naye dame, ule mchezo wa ubao, kila jioni na vifuniko vya chupa, na mkono ule mmoja anamfunga vibaya, halafu anacheka mpaka anakohoa. Maneno ambayo hatukuyaelewa tangu agonjwe Fiston anayaelewa, ama anajifanya, sijui. Jana nilimsikia papa anamhadithia ile ya 2021, volkano ilivyolipuka tukakimbilia Sake, vile mi na we tulibeba godoro moja ku kichwa na ukakataa kuacha lile redio lililokufa. Alihadithia yote. Ilichukua saa nzima na yaya hakumkata ata mara moja.

Ila kuna kitu kinanisumbua, na njo maana naandika kwako na si kwa Bijou. Nilikuwa namsaidia kutoa nguo mu ile valizi iliyovunjika, chini kabisa nikakuta faridi (ile jalada ya kuwekea karatasi) ina diplome zake zote, za hapa na za kule, na kitabu cha mtoto cha chanjo. Nani anakuja konje (likizo) na diplome? Nikimuuliza anarudi lini anasema tikiti iko wazi. Mke wake anapiga simu anatoka nje kuipokea. Mama ameona, nakuhakikishia ameona, na amenyamaza vile vile alinyamaza ya papa, sasa tuko nyumba moja kila mtu na kitenge chake juu ya kitu.

Alikuambia nini pale kwako? Alilala vizuri? Alipiga simu kwa mke wake mbele yako? Kazi bado anayo? Na kweli ni yeye alikuomba usiniambie, ama ni we ulimshauri? Usinipake mafuta, nitajua.

Na tena nitafutie dawa za tansio (presha) za papa, zile za ku ile karatasi nilikutumia picha, huku zinakatika kila mara na ya mwisho niliyonunua boksi halikuwa na tarehe. Mpe dada wa mama Neema, anashuka na bisi ya juma tano. Pesa atakurudishia Fiston mwenyewe, si ana kadi.

Jibu leo.

Furaha