Barua kwa mwanangu: usiiruke parabola

Ugonile mwanangu. Huku Tukuyu mvua haikatiki na umeme unakuja unaenda, ndo maana meseji yako sikuijibu palepale, nikaona bora nikae niandike vizuri. Umesema mwalimu wenu wa chuo kaipitia obiti ya parabola, ile njia ya kitu kinachopita karibu na Jua, fastafasta, akasema hakuna kitu halisi kinachopita njia hiyo, akahamia haipabola. Mama yako imeniuma kidogo, maana nimefundisha hesabu miaka yote hii na kwangu hiyo ndo sehemu tamu kuliko zote.

Kweli haitokei. Ili njia iwe parabola kamili ile e, namba inayosema njia imeachana na duara kiasi gani, inatakiwa iwe 1 kabisakabisa, ikipungua hata chembe ni duaradufu na kitu kitarudi siku moja hata ikiwa baada ya miaka laki, ikizidi chembe ni haipabola kimeenda jumla. Lakini angalia nishati. Kitu kilicho karibu na Jua kina deni la uvutano, si unaona tunaliandika na alama ya kutoa, alafu mwendo wake ndo hela iliyoko mfukoni. Mwenye duaradufu hela haitoshi, anarudishwa. Mwenye haipabola analipa na chenji inabaki. Wa parabola analipa mpaka senti ya mwisho anabaki mikono mitupu, yaani anaenda mbali bila kikomo huku kasi inaelekea sifuri. Sasa iandike hiyo sifuri, ½v² − GM/r = 0 (v ni kasi, r umbali toka kwenye Jua, G namba ya uvutano, M tungamo la Jua), unapata v² = 2GM/r na basi, hakuna makorokoro mengine. Mwendo wa duara ni v² = GM/r, kwahiyo popote ulipo kinachohitajika kuondoka ni kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 2, mara 1.414. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 29.8 kwa sekunde, zidisha utapata 42.1, na wala haijalishi umerushwa kuelekea upande gani ilimradi usigonge kitu njiani.

Unakikumbuka kile kimondo cha Mbozi, ulivyokuwa darasa la sita ukakigonga na kijiwe kusikia chuma kinavyolia? Kasi ya kuiponyoka Dunia kutoka usawa wa ardhi ni kilomita 11.2 kwa sekunde, na hii hesabu ukiigeuza irudi nyuma inasema kitu kinachodondoka kutoka mbali sana, bila kusukumwa na chochote zaidi ya uvutano wa Dunia, kinafika na 11.2 hiyohiyo. Chenye haraka yake tangu huko kinafika na zaidi. Kwahiyo lile bonge lilipoingia kwenye hewa halikuwa chini ya hapo, hakuna mtu aliyekuwepo na kipimo lakini tunajua. Na juu kuna mpaka pia: cha kutoka pembezoni mwa himaya ya Jua kinafika huku kwetu na 42.1, kikikutana na Dunia uso kwa uso unaongeza 29.8, inakuwa kama 72. Vipimo vyote viwili vimetoka kwenye parabola ambayo eti haina kazi!

Sasa njoo kwenye saa, yaani kujua kitu kitakuwa wapi lini, hapa ndo nilitaka ufike. Kwenye duaradufu una M = E − e sin E (M hii si tungamo, ni muda ulioandikwa kama pembe, na E ni pembe inayokwambia kitu kiko wapi), na E haitoki humo hata ufanyeje, unakisia unarekebisha unakisia tena. Parabola inafunguka. Chukua pembe, ukiwa umesimama kwenye Jua, toka pale kinapolikaribia Jua zaidi mpaka kilipo sasa, igawe kwa mbili, tangenti yake iite D, basi D + D³/3 = t√(GM/2q³), q ikiwa huo umbali wa karibu zaidi na t muda tangu kipite hapo. Ni ikwesheni ya kipeo cha tatu tu, inatatulika kwa kalamu. Jaribu nyuzi 90: nusu yake 45, tangenti 1, kwahiyo upande wa kushoto ni 1 na theluthi. Kama q ni sawa na umbali wa Dunia toka kwenye Jua inakuja siku 109.6, na hapo kitu kimefika umbali wa 2q. Kama q ni robo tu, kipeo cha moja na nusu cha robo ni moja ya nane, siku 13.7. Umeona wepesi huo, karatasi moja na kalamu.

Ndo maana watu wa zamani waliishikilia. Kometi, ile nyota yenye mkia, inaonekana wiki chache tu ikiwa karibu na Jua, na pale duaradufu ndefu na parabola karibu hazitofautiani, alafu namba ya kutafuta inapungua moja kwa sababu e unayo tayari. Newton alifanya hivyo kwa kometi ya 1680. Mwanaanga Mwingereza Halley mwaka 1705 akatoa hesabu za kometi 24, zote kwa parabola, akaona ya 1531, ya 1607 na ya 1682 zinafanana mno, akasema ni moja hiyohiyo na itarudi mwisho wa 1758. Alikufa 1742. Aliyeiona wa kwanza usiku wa tarehe 25 Desemba 1758 alikuwa mkulima wa huko Ujerumani karibu na Dresden, Palitzsch, aliyejisomea mwenyewe. Mwanangu mi hapo huwa nasisimka, parabola ambayo si kweli ndo imetupeleka kwenye duaradufu ya kweli, ambayo e yake ni 0.967.

Mchele na maharage nimempa kondakta, kayachukue stendi kesho jioni. Na unifanyie ya nyuzi 120 kwa q ileile ya Dunia. Umbali utakuta ni 4q na kasi imeshuka nusu ya ile ya pale karibu zaidi na Jua, siku zake sikwambii, piga mwenyewe alafu nitumie picha ya daftari na hatua zote, sio jibu tu.

Mama yako