Salamu za Shukrani: Binti Yetu Anapumua Mwenyewe

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani,

Sisi wazazi, pamoja na babu na bibi wa pande zote mbili, tunawashukuru kwa dhati nyote mlioitikia ombi letu la msaada. Binti yetu, aliyezaliwa njiti wiki kumi kabla ya wakati, ametoka hospitali. Ananyonya, na hana tena mpira puani.

Wengi mlichanga bila kuuliza fedha zinakwenda wapi, kwa hiyo tuwaeleze. Mapafu ya njiti huwa bado hayana utando wa kutosha wa safaktanti, unaozuia vifuko vya hewa visinywee kila anapotoa pumzi. Kupumua kunakuwa kazi ngumu: kifua kinabonyea ndani, matundu ya pua yanatanuka, na mtoto anaguna. Mchango wenu ulilipia sipapu, mashine inayosukuma hewa puani mfululizo ili vifuko vile vibaki wazi. Mpira wa kutolea hewa huzamishwa ndani ya chupa ya maji, na kina chake ndicho kinachopanga presha. Tulijifunza kuitazama chupa hiyo kuliko saa ya ukutani, kwa sababu mapovu yakikatika, huenda hewa inavuja mahali.

Wauguzi wa zamu ya usiku, hatujui tuwashukuruje. Mashine haijirekebishi yenyewe. Ninyi ndio mliorudisha vijipira vilivyochomoka puani, mkavuta makamasi na kumgusa mtoto taratibu kila aliposahau kupumua, huku dawa ya kafeini ikimsaidia kukumbuka. Babu alipohoji kwa nini oksijeni isifunguliwe mpaka mwisho, mlimjibu kwa upole kwamba ikizidi huweza kuharibu macho ya njiti, ndiyo maana mlilenga kipimo cha oksijeni kwenye damu kisome kati ya asilimia 90 na 95. Babu sasa anawafundisha wenzake.

Tunamshukuru pia mkunga aliyehakikisha mama anachomwa sindano za kukomaza mapafu kabla ya kujifungua. Faida ya sindano hizo ilitangazwa mwaka 1972 na madaktari Liggins na Howie wa New Zealand, na mwaka mmoja kabla yao Gregory na wenzake kule Marekani walikuwa wameeleza jinsi presha ya hewa inavyowaokoa watoto hawa. Tunawataja kwa sababu mwaka 1963 mtoto wa Rais Kennedy, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, alifariki kwa ugonjwa huuhuu wa mapafu akiwa hajamaliza siku mbili duniani. Baba yake alikuwa rais wa Marekani, na tiba haikuwepo. Sisi si matajiri, lakini tumeikuta.

Mliojitolea damu, viongozi wa dini mliotuombea, waajiri mliotupa ruhusa, shangazi mliolala hospitali kwa zamu ili mama apate usingizi kati ya kukamua maziwa na kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi: asanteni sana. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, na tunaomba asiyetajwa asijione amesahauliwa.

Kwa wazazi tuliowaacha wodini, na hasa wale ambao watoto wao hawakutoka nao, tunawapa pole. Mlitufariji hata siku ambazo ninyi ndio mliostahili kufarijiwa.

Michango imefungwa rasmi, tafadhali msitume tena. Kilichobaki baada ya bili tumekikabidhi kwa mama mwingine ambaye mtoto wake bado yuko kwenye mashine.

Tunajua mna hamu ya kumwona mtoto, ila daktari ametuomba tupunguze wageni kwa sasa. Mwenye mafua au kikohozi asubiri apone kwanza, kwani mafua madogo ya mtu mzima yanaweza kumrudisha njiti kwenye oksijeni. Anayevuta sigara asivute karibu naye, na kila anayeingia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba. Bibi yake ndiye mlinzi wa mlango, na hana upendeleo.

Mungu awabariki.

Baba na mama wa mtoto, kwa niaba ya familia