Ule Ufito Ulioniachia

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Rafiki yangu Kioko,

Salamu nyingi, na poleni kwa joto la Mombasa. Sisi huku hatujambo, watoto wamefunga shule, na Mama Ndinda bado anaulizia sufuria yake. Nimenyamaza miezi mitatu bila sababu ya maana. Leo sababu ninayo, ingawa ningependa isiwe hii: ufito wa kuvulia ulioniachia nikutunzie umevunjika.

Jana alfajiri mimi na Njoroge tulishika njia ya Thika, tukapanda kupitia Gatura hadi msitu wa Kimakia, kwani tangu Pasaka amekuwa akinisumbua twende tukavue trauti. Niliuchukua ufito wako bila kukuuliza, na kosa hilo ninalikiri mapema ili nisikuudhi mara mbili. Maji ya kijito kile yalinifika magotini, baridi ya kuumiza mifupa, nami nikaukumbuka mfereji wetu hapa Umoja, ambao una siku tano bila kutoa tone, ilhali maji ya jiji hili yanatoka milima hiyohiyo ya Aberdare.

Uvuvi wenyewe ungekuchekesha. Ndoana haina mnyoo. Imefungwa manyoya na uzi hadi ikafanana na nzi, na kwa kuwa ni nyepesi mno kurushika, kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene: unaupeleka nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unauleta mbele. Tulivua tukielekea juu ya mto, kwa maana trauti hukaa akitazama maji yanakotoka, nawe humwendea kwa nyuma. Njoroge, unavyomjua, akaanza kuhutubia kwamba samaki hawa si wenyeji, kwamba Ewart Grogan, yule mlowezi Mwingereza, ndiye aliyeleta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, wakawekwa katika mto Gura. Nilikuwa nikimsikiliza, na pengine ndiyo maana sikutazama nyuma.

Nyuma kulikuwa na mianzi. Ndoana ilinasa juu, nami badala ya kuushika mshipi kwa mkono na kuuvuta taratibu, niliung'ang'ania ufito hadi ukapinda kama upinde, nikasikia mlio mdogo tu, kama wa kijiti cha kiberiti. Kipande cha ncha kimekatika shibiri moja kutoka mwisho. Vile vingine vitatu ni vizima.

Baadaye Njoroge alinionea huruma akaniazima wake, nikapata samaki mmoja, mdogo kuliko sahani ya chai, mwenye mstari wa waridi ubavuni na madoadoa meusi mpaka mkiani. Nililowesha mikono, nikamtoa ndoana, akatulia kidogo kati ya vidole vyangu, kisha akaponyoka. Ningefurahi zaidi kama ile ncha isingekuwa ikinichoma mfukoni.

Sasa niambie, ufito huo ulikuwa wako, au ni wa marehemu baba mkwe? Ncha peke yake hununuliwa, au ni lazima ninunue ufito mzima? Yule fundi wako wa Kilindini aliyekuwa akitengeneza fito bado yupo? Nikutumie vipande kwa basi la usiku, au nikusubiri Desemba? Na umekasirika kiasi gani? Tafadhali Mutua asijue kabla hujanijibu.

Wako,
Barasa