Midoli ya kufundishia itolewe kabatini

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo tunaliongea kila siku kwenye kordo za wodi ila halifiki popote. Mimi ni mkunga hapa Dodoma, nipo leba, na ninachosema ni kwamba sisi watu wa afya tunafundishiwa mahali ambapo sio penyewe. Tunaitwa hotelini siku mbili tatu, projekta, chai na sambusa, posho, cheti, afu tukirudi wodini kila mtu anaendelea na alivyozoea. Na wanaoitwa ni walewale kila mwaka (sitaji hospitali, wenyewe watajijua).

Sio wivu wa posho, posho hata mimi sikatai. Ila pale hospitali ya Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, hili walishalipima zamani. Wakunga walifundishwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa hapumui, kwenye mdoli wa mazoezi wakafanya vizuri tu, lakini walipoangaliwa leba wakihudumia watoto wenyewe mambo yalikuwa yaleyale. Ndo wakabadilisha, mdoli ukawa palepale leba, mtu akiwa zamu anajifua dakika 3 mpaka 5 kila wiki basi, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka kama 11 kwa kila watoto 1,000 mpaka kama 7, matokeo yakachapishwa 2015. Haydom sio Ulaya jamani, ni hapo juu tu ukipita Singida.

Kwetu mdoli upo, tena mzuri. Umefungiwa kabatini, ufunguo anao in-chaji, yaani msimamizi wa wodi, na in-chaji yuko kwenye kikao.

Sasa matokeo yake ni haya. Juzi kati usiku mtoto katoka kimya, intani (daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo) kashika ambu, ule mfuko wa kuminya hewa, maski kaikandamiza mpaka imepanda machoni, anaminya kwa nguvu zote na hewa inatokea pembeni, kifua hakipandi hata kidogo. Nikamshika mkono, gumba na kidole cha shahada vizunguke maski kama herufi C, vidole vingine vinyanyue taya, kichwa cha mtoto kisiinamie kifuani, haya minya taratibu uku unaangalia kifua. Kikapanda. Baadae kidogo mtoto akalia, na dokta mwenyewe jasho linamtiririka. Huyu kijana kasoma miaka 5 udaktari na ukimuuliza mtoto asiyepumua aanze kupewa hewa ndani ya muda gani anakujibu dakika 1 ya kwanza bila kufikiri, ila mikono yake haikuwahi kufundishwa na mtu. Sio kosa lake. Tena nampongeza alikubali kushikwa mkono na nesi, maana wapo wengine, khaa, ukimwelekeza anakuangalia kama umemtukana.

Na wanafunzi ndo usiseme, raundi unakuta wamezunguka kitanda kimoja mpaka wa nyuma anaona migongo tu, akiulizwa swali ni ili aumbuke mbele ya mgonjwa, mwisho wa wiki wanakukimbiza na logbuku, daftari la kazi walizofanya, uwasainie vitu ambavyo hawajavishika.

Najua nitaambiwa tuko bize. Ni kweli, kuna zamu hata maji ya kunywa hupati, siku hiyo acha, hudumia wazazi. Lakini asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu tunakuwepo wote, wanaotoka na wanaoingia, na ripoti yenyewe mara nyingi inaisha tunaanza stori za kikoba. Dakika 5 hapo zipo. Mdoli mezani, leo sista fulani, kesho intani, keshokutwa mwanafunzi, anafanya wengine wanaangalia, anayekosea anarekebishwa palepale bila kuchekwa, mkimaliza mnaenda kazini. Hakuna bajeti hapo Mhariri, labda betri za saa ya ukutani maana ya kwetu imekufa na hiyo dakika 1 tunaihesabu kichwani.

Kwaiyo ombi langu kwa waganga wafawidhi na mametroni wa mkoa huu ni dogo sana. Ufunguo wa kabati ukae leba, kwa yule aliyeko zamu, asiondoke nao mtu kwenda nao nyumbani wala kikaoni. Na zile pointi za mafunzo tunazokusanya ili kuhuisha leseni ziangaliwe pia kama mtu anaweza kuhesabiwa kwa mazoezi ya wodini, maana huku kwetu anayefundisha wenzie usiku kucha hapati kitu na aliyesinzia semina anarudi na cheti.

Mkunga, Dodoma