Risala ya Walimu Washauri wa Shule za Jiji la Tanga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa maafisa elimu kata, wakuu wa shule na walimu wakuu,
Wazazi, walezi, walimu wenzetu na wanafunzi,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Karibu sana Tanga, na ahsante kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Sisi ni walimu tuliokabidhiwa ushauri na unasihi katika shule za msingi na sekondari za jiji hili. Risala yetu inawahusu watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili, wenye umri wa miaka 11 hadi 15 hivi.

Rika hili tumelichagua makusudi. Ndani ya miaka hiyo michache mtoto anavunja ungo au anabaleghe, anahama shule, anatengana na rafiki zake wa mtaani, na anatoka kusomeshwa kwa Kiswahili kwenda kusomeshwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa wa tatu darasani anafika kidato cha kwanza ananyamaza, anadhaniwa mzembe, anaadhibiwa, anaanza kutoroka. Tena Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6 badala ya 7, kwa hiyo anayekuja kidato cha kwanza atakuwa mdogo kuliko tuliyemzoea. Zamani hapa pwani mtoto wa kike alikuwa na somo wake, mwanamke wa kumfunda, wa kiume akifundwa jandoni. Siku hizi wengi hawana mtu huyo, au wanaye kwa siku ya ngoma tu, na maswali wanayapeleka kwenye simu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu huanzia kwenye daftari la mahudhurio. Kwa shule zilizo karibu na bahari, kama za upande wa Sahare, Mwambani na Tongoni, daftari hilo husomwa pamoja na mwezi. Wakati wa bamvua maji yakitoka sana, wapo watoto wanaokwenda kuokota pweza saa za masomo. Usiku wa giza dagaa huvuliwa kwa taa, na mvulana aliyekesha baharini atasinzia kipindi cha kwanza. Anayekosa kwa mpangilio huo ana shida ya kipato nyumbani, na wa kuzungumza naye kwanza ni mzazi. Anayekosa siku zenye somo moja tu kuna mtu au kitu anachokikimbia hapo hapo shuleni. Msichana anayekosa siku tatu nne kila mwezi, mara nyingi anachohitaji ni taulo za kike na choo chenye maji na mlango unaofungwa. Ukimwita umpe nasaha unamchosha bure.

Kikao chenyewe ni kipindi kimoja, dakika 40. Chumba kiwe na kioo mlangoni au dirisha wazi upande wa uwanja, wapitao waone lakini wasisikie. Hilo linamlinda mtoto na linamlinda mwalimu. Viti viwili vikae kwa pembe, meza isiwe katikati. Dakika 5 za mwanzo ni za kumweleza mtoto siri na mipaka yake: atakayoyasema hayatatoka, isipokuwa akitaka kujidhuru, akiwa anadhuriwa, au akitaka kumdhuru mwingine. Mwalimu anayeahidi “sitamwambia mtu yeyote” atalazimika kuivunja ahadi siku atakayosikia zito, na mtoto hatarudi tena. Swali la “kwa nini umefanya hivi?” tunaliepuka, maana linanuka ofisi ya nidhamu, “ilikuwaje?” hufungua zaidi. Vikao vitatu au vinne vya kila wiki vinatosha kujua kama mtoto anasogea au apelekwe kwa mtaalamu. Kumbukumbu zinaandikwa kwa namba badala ya jina, na kabati linafungwa.

Palipo na ukatili wa kingono, kazi ya mshauri ni fupi na haisubiri kikao cha pili. Asikilize mara moja, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, asimsimulishe tena mbele ya mkuu wa shule, kisha mbele ya kamati. Mtoto asioge wala kubadilisha nguo, afikishwe hospitali haraka iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wajulishwe siku hiyo hiyo. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure. Kinachoharibu kesi hizi ni suluhu ya kifamilia inayokaliwa barazani huku saa zinakwenda.

Sasa yanayotukwamisha. Katika shule nyingi mwalimu mshauri ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu: asubuhi ameshika fimbo, saa nne anamwambia mtoto “jisikie huru.” Mwanafunzi huitwa mstarini kwa jina aende ofisi ya ushauri, na kufikia mapumziko shule nzima imeshamtungia ugonjwa. Na sisi walimu tuseme ukweli, siri nyingine huvujia kwenye chai ya ofisini kwetu.

Muda nao tuuhesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Mshauri akipewa kipindi kimoja kwa siku, ana vikao 194. Kila mtoto akihitaji vinne, amewahudumia watoto 48 mwaka mzima. Katika shule ya wanafunzi 600 hao hawafiki hata mmoja kwa kila kumi. Chama cha washauri wa shule Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na huyo hana vipindi vya Jiografia vya kufundisha. Wengi wetu hata hicho kipindi kimoja hatuna. Tunaonana na watoto wakati wa chakula, nao huchagua chakula. Hatuwalaumu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kipindi cha ushauri kiingie kwenye ratiba ya shule kama somo lingine. Tunaomba mwalimu wa nidhamu na mshauri wawe watu wawili, mmoja akiwa mwanamke na mwingine mwanamume inapowezekana. Tunaomba afisa ustawi wa jamii afike kila shule kwa siku inayojulikana, hata ikiwa mara moja kwa mwezi. Fedha nyingi hatuombi: chumba kidogo, kabati lenye kufuli, viti viwili. Na lile bango la kuamuru Kiingereza tu lisifike mlangoni pa chumba hicho, mtoto aeleze yake kwa lugha anayolilia.

Tunaomba kuwasilisha.

Walimu Washauri,
Shule za Msingi na Sekondari, Jiji la Tanga